Saladi ya Kithai ya kamba na ngisi kwa siku za joto: sosi kwanza, moto mwisho

Joto likizidi hamu ya kula inakata yenyewe, sufuria linalofuka mvuke hutaki hata kuliona, na bado mwili unataka kitu cha maana maana huwezi kushinda na maji na matunda tu. Hapo ndo inapoingia hii saladi ya Kithai ya vitu vya baharini, wenyewe wanaiita yam thale. Ni kamba, ngisi na kome waliochemshwa kwa muda mfupi sana, wanachanganywa na vitunguu vidogo, nyanya, mchaichai na majani ya kunukia, halafu vyote vinamwagiwa sosi ya ndimu, sosi ya samaki, sukari na pilipili. Mafuta hamna hata tone, mayonezi hamna, na jiko linawaka labda robo saa basi.

Na wenzetu wa Thailand joto wanalijua vizuri, kuanzia Machi mpaka Mei ndo kiangazi chao na Aprili ndo kilele, mchana kupita nyuzi joto 35 ni kawaida, ndo maana hata mwaka mpya wao wa Songkran tarehe 13 mpaka 15 Aprili watu wanamwagiana maji barabarani. Sasa unaweza kujiuliza pilipili yote ile ya nini kwenye joto lile, ila pilipili inakutoa jasho, na jasho likikauka juu ya ngozi unapoa. Ndimu nayo inaamsha mate, mtu aliyekuwa anasema hana njaa unamkuta anafuta sahani.

Kabla hatujagusa kisu, kuna jambo moja nataka ulishike, ukilishika hilo hata vipimo ukikosea kidogo saladi itatoka tu. Ni mpangilio. Wengi wanaanza kuchemsha kamba na ngisi, wanawaacha kwenye maji, ndo wanakumbuka vitunguu havijakatwa, ndimu hazijakamuliwa, mpaka waje kumaliza ngisi kashakuwa kandambili. Wewe geuza. Sosi inatengenezwa kwanza, majani na vitunguu vinakatwa vinakaa friji, tambi zinalowekwa, bakuli la kuchanganyia liko mezani, na ndipo unawasha moto. Ngisi hamsubiri mtu, wewe ndo unamsubiri.

VITU VYA KUWA NAVYO (watu watatu hadi wanne)

Kamba gramu 300, ngisi gramu 300, kome wenye magamba kama nusu kilo. Kama kome hupati ongeza kamba, au weka vipande vya minofu ya samaki mweupe asiyevunjika ovyo, hakuna atakayekukamata. Pweza mi simshauri hapa, yeye anataka kuchemka muda mrefu ndo alainike na hiyo inaua lengo zima la kukaa mbali na jiko.

Tambi za choroko gramu 80, zile nyembamba nyeupe ambazo zikiiva zinakuwa za kuona ndani. Sio lazima, ila ukiziweka saladi inakuwa mlo kamili na zinanyonya sosi vizuri mno. Ukiziweka nyingi saladi yako inasogea upande wa yam wun sen, yaani saladi ya Kithai ya tambi hizo hizo, ambayo nayo ni tamu tu.

Vitunguu vidogo vyekundu sita hivi (au nusu ya kitunguu maji chekundu), nyanya ndogo ngumu kiganja kimoja, mchaichai mabua mawili, selari bua moja pamoja na majani yake, majani ya vitunguu mawili matatu, giligilani fungu moja ambalo lina mizizi kama unaweza kulipata, na nanaa kiganja kizuri kilichojaa. Kama una karanga za kukaanga bila mafuta, weka pembeni.

Sosi sasa: ndimu mbichi za kutosha kupata vijiko vinne na nusu vya mezani vya maji yake, sosi ya samaki vijiko vitatu, sukari kijiko kimoja na nusu, kitunguu saumu punje tatu, pilipili kali zile ndogo ndogo kuanzia tatu, mwisho wake unaujua wewe na tumbo lako.

HATUA YA KWANZA: SOSI

Hapa ndo nitakaa kidogo kwa sababu saladi hii ni sosi, vingine vyote ni wabebaji.

Kumbuka uwiano wa tatu mbili moja, yaani sehemu tatu ndimu, mbili sosi ya samaki, moja sukari. Huo ni mwanzo tu sio sheria, maana ndimu hazifanani, zingine kali zingine maji maji tu, na sosi za samaki nazo chumvi inatofautiana chupa na chupa. Ndo maana unaonja.

Chukua kinu na mchi, twanga mizizi ya giligilani iliyosuguliwa vizuri na kukatwa katwa (mizizi watu wanaitupa wakati ina harufu nzito kuliko majani yenyewe), kitunguu saumu na pilipili mpaka vivunjike, visiwe uji. Kama hakuna mizizi tumia mabua ya chini. Blenda pia inawezekana ila inasaga mno, sosi inakuwa na povu na pilipili inasambaa kila mahali, mi napenda ukiuma unakutana na kipande unajua hiki ni kitunguu saumu, hiki ni moto.

Ukishatwanga weka sukari, twanga tena kidogo, halafu mimina sosi ya samaki ukoroge mpaka sukari iyeyuke yote. Sukari nzuri zaidi hapa ni ile ya kahawia inayotokana na utomvu wa mnazi au mvumo, mkoa wa Phetchaburi kule Thailand unasifika kwa hiyo, ina utamu wa taratibu. Huna? Sukari ya kawaida inafanya kazi, punguza kidogo tu kwa sababu yenyewe inakuwa na utamu wa haraka haraka.

Maji ya ndimu yanaingia mwisho kabisa na yawe yamekamuliwa saa hiyo hiyo, ya kwenye chupa ya dukani yana ukali lakini harufu hayana, na harufu ndo nusu ya kazi. Bingirisha ndimu kwenye meza kwa kiganja kabla ya kukata itoe maji mengi, ila usiikamue kwa hasira mpaka maganda yakalia, uchungu wa ganda ukishaingia hautoki.

Sosi ya samaki kwa asiyeijua, ni maji yanayotoka kwenye samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliolazwa kwenye chumvi nyingi, mwaka mzima au zaidi, Rayong pwani ya mashariki ya Thailand ni moja ya sehemu zinazojulikana kwa hiyo. Ukifungua chupa harufu itakushtua, usikate tamaa, ikikutana na ndimu na sukari inatulia na kubaki ladha tu. Angalia maandishi ya chupa, iliyo nzuri ina samaki, chumvi, labda sukari kidogo, basi. Na usiongeze chumvi nyingine kwenye saladi, kijiko kimoja cha mezani cha hii sosi kina sodiamu karibu miligramu 1,400 wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike 2,000 kwa siku. Kwa hiyo mwenye presha apunguze sosi, aongeze ndimu na majani, na yale maji yanayobaki chini ya sahani ayaache, asiyanywe, ijapokuwa najua ni matamu.

Namna ya kuonja: usionje kwa kijiko peke yake, utaona ni kali sana utaanza kuongeza sukari na kuharibu. Chovya kipande cha kitunguu au nyanya ndo uonje. Inatakiwa ndimu ikupige kwanza, chumvi ifuate, utamu uwe nyuma nyuma unashikilia wenzake. Ukisikia sukari kwanza, ongeza ndimu. Na ifanye iwe kali kidogo kuliko unavyotaka, maana ikikutana na ngisi, tambi na nyanya itapoa.

Iache pembeni.

HATUA YA PILI: MAJANI NA TAMBI

Vitunguu kata vyembamba kwa urefu. Mchaichai toa maganda ya nje yote magumu mpaka ukute ile sehemu laini ya chini yenye rangi ya zambarau kwa ndani, tumia kama sentimeta nane hadi kumi za chini tu, ukate vyembamba mno mpaka mwanga upite, vikiwa vinene mtu atatafuna nyuzi mpaka kesho. Mabaki ya juu usitupe, yana kazi kwenye maji ya kuchemshia. Nyanya kata mbili mbili. Selari, majani ya vitunguu, vyote vipande vifupi. Giligilani na nanaa chambua tu majani yaache mazima, ukiikata nanaa mapema inageuka nyeusi.

Osha, kausha vizuri kwa kitambaa safi, funika, friji. Hilo la kukausha watu wanaliruka, majani yakiwa na maji sosi yako yote inapauka.

Tambi ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 15 hadi 20 mpaka zilegee. Zitachovywa kwenye maji ya moto baadaye.

HATUA YA TATU: KUSAFISHA VITU VYA BAHARINI

Kama walikuwa friza, wahamishie kwenye friji toka jana yake, au waweke kwenye mfuko uliofungwa vizuri ndani ya maji baridi. Kuwaacha juani au mezani wayeyuke ndo unawaalika bakteria.

Kamba menya, acha kamkia kama unataka wapendeze, chana mgongo kidogo utoe ule mstari mweusi. Ngisi vuta kichwa, utumbo unatoka nao, angalia kifuko cha wino usikipasue, toa kile kimfupa chembamba cha kuona ndani, vua ngozi, kata mikono chini ya macho na ule mdomo mgumu katikati ya mikono ubinye utoke. Mwili uchane ufunguke, upande wa ndani uchanje chanje mistari ya kukatizana bila kutoboa, halafu kata vipande vya kuingia mdomoni. Ile michanjo sio urembo tu, sosi inashika humo. Pete nazo sawa kama mvivu.

Kome sugua magamba, ng'oa zile nyuzi. Aliyefunguka mgonge, akigoma kujifunga tupa. Mwenye ganda lililovunjika tupa pia.

HATUA YA NNE: MOTO

Chemsha maji kama lita mbili, weka chumvi kidogo sana, yale mabaki ya mchaichai uliyoyaponda, na vipande viwili vya tangawizi. Andaa sinia pana pembeni.

Kome wanaenda peke yao kwenye sufuria nyingine yenye maji kidogo tu, robo kikombe, funika, moto mkali dakika tatu mpaka tano, tikisa sufuria mara moja moja. Wakifunguka toa. Ambaye hakufunguka baada ya hapo usimlazimishe kwa kisu, tupa. Watoe kwenye magamba, bakiza wachache na magamba yao ya kupambia.

Maji makubwa yakichemka sana, kwanza chovya tambi dakika moja, zikishakuwa za kuona ndani toa, chuja, zikate na mkasi mara mbili tatu maana ni ndefu zitakusumbua kuchanganya.

Kamba wanafuata, dakika moja na nusu hadi mbili kwa wa kawaida. Angalia umbo, akijikunja herufi C na rangi imekuwa ya waridi na nyama haina tena ile hali ya kioo, kaiva. Akijikunja mpaka akawa herufi O umechelewa.

Acha maji yachemke upya kabisa. Ngisi sasa, na hapa simu weka mbali. Sekunde 45 mpaka dakika moja, akibadilika kuwa mweupe na kujikunja toa wote kwa mpigo. Nyama ya ngisi ina mambo mawili tu, au muda mfupi sana au muda mrefu sana wa nusu saa na zaidi mpaka ilegee tena, hapo katikati yote ni raba. Kwa saladi tunataka mfupi.

Watandaze kwenye sinia, usiwarundike, wakirundikana joto lao wenyewe linaendelea kuwapika. Wengine wanawatumbukiza kwenye maji ya barafu, mi siipendi hiyo, wanaingia maji na ladha ya bahari inabaki kwenye lile beseni, halafu tunataka wawe na uvuguvugu wakati wa kuchanganya, sosi inawashika vizuri zaidi.

Hapo naomba nisimamie kitu. Kuna watu wanaamini ndimu inapika. Ndimu inabadilisha rangi na ugumu wa nyama lakini haiui wadudu wote, kwa hiyo kuloweka kamba mbichi kwenye ndimu sio kuiva. Thailand kuna chakula cha kamba wabichi kwenye sosi ya samaki, kung chae nam pla, na wanaokipenda wanakipenda kweli, ila hicho kinataka kamba wa kuaminika kabisa, na kwa siku ya joto nyumbani mi sikushauri. Chemsha tu, hizo dakika mbili hazikupunguzii kitu.

HATUA YA TANO: KUCHANGANYA

Bakuli kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Mimina sosi robo tatu, weka vitunguu na mchaichai vikae dakika moja vipungue ukali. Weka tambi geuza, weka kamba, ngisi, kome, geuza tena taratibu kwa vijiko viwili au kwa mkono wenye glavu (pilipili ile ukijisahau ukajifuta jicho utalia). Nyanya na selari zifuate. Onja. Sasa ndo unaamua ile robo ya sosi iliyobaki inaingia au la.

Nanaa, giligilani na majani ya vitunguu vinaingia wakati watu wako mezani tayari, geuza mara mbili tu, pakua. Karanga nyunyiza juu, na kabla hujanyunyiza uliza kama kuna mwenye aleji ya karanga, na aleji ya kamba na kome pia ipo na ni ya hatari, usifanyie masihara.

Usiichanganye mapema ukiisubirisha wageni. Chumvi inavuta maji kwenye nyanya na vitunguu, dakika 20 tu baadaye una supu ya baridi, majani yamelala, tambi zimevimba. Kama wageni wana tabia ya kuchelewa weka kila kitu kwenye friji kivyake, ukisikia hodi changanya.

Pembeni weka matango na kabichi mbichi iliyokatwa vipande vikubwa na barafu chini, hizo ni za kuzimia moto kati ya tonge na tonge. Wali mweupe pia unaenda vizuri. Pilipili ikikuzidia maji hayasaidii sana, ule ukali hauyeyuki kwenye maji, kula wali au kunywa maziwa. Letusi usiichanganye ndani, tandaza chini ya sahani kama unaitaka, ndani inanyauka tu.

UKITAKA KUIBADILISHA

Embe bichi lililokunwa vipande virefu linaleta ukali wake na mlio mdomoni, ila punguza ndimu vijiko viwili la sivyo meno yatakufa ganzi. Balungi lililochambuliwa nalo, hasa kama kamba ndo wengi kuliko ngisi, linakuwa tamu na maji maji, kwa joto ni zuri ajabu. Unga wa mchele wa kukaanga, kama umewahi kuusikia, ni wa vyakula vya Isan (kaskazini mashariki ya Thailand) kama larb, ile saladi ya nyama ya kusaga, kwenye hii hauna kazi kubwa na unanyonya sosi.

Asiyekula pilipili mtengenezee sosi bila kuitwanga, pilipili iingie nzima ndani ya sosi ielee tu, atapata harufu bila moto, na mwenye kutaka zaidi awekewe zilizokatwa kwenye kibakuli chake. Sosi ya samaki ikikosekana kabisa sosi ya soya nyepesi na chumvi kidogo inaokoa jahazi, usitegemee ladha ile ile.

Ikibaki, angalia saa. Vitu vya baharini visikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Ndani ya muda huo funika weka friji, kula kesho yake ikiwa baridi hivyo hivyo bila kupasha, ongeza majani mapya na kandimu. Ikipita hapo kwenye joto, mwaga.